Kichaka Nilichokifyeka

Awuor, nyara, binti yangu,

Mama yako yuko ndani anakunja blanketi lako kwa mara ya tatu, na kila akilikunja anaongeza kitu katikati: sabuni, pakiti ya majani chai, soksi ambazo najua hutazivaa. Hayo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kanisa nimemwachia yeye. Mimi nimekaa hapa nyuma ya nyumba, mahali ninapoweza kukiona kijito, na jua bado liko juu. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelichelewesha mpaka imebaki siku moja.

Ni jambo la ile fomu. Miezi mitatu sasa unaizungusha fomu ya chama cha watumiaji maji, inayosema kwamba wenye mashamba ya kandokando ya kijito wamekubali kichaka kibaki kichaka, kisikatwe wala kulimwa, hata mashamba yakirithiwa. Majirani wote wameweka sahihi isipokuwa wawili, na hao wawili ndio wenye kichaka chenyewe: mimi upande huu, Okelo upande ule. Kesho saa mbili unaondoka kwenda Homa Bay kuanza kazi ya misitu. Fomu isipokamilika kabla hujaondoka, chama kitaipeleka bila kichaka chetu. Umekuwa ukisema kwamba Okelo ni mkaidi na mimi ni mzee mwoga. La kwangu ulipatia. La Okelo ulikosea, na aliyekukosesha ni mimi.

Nianze mbali kidogo. Unajua kwamba sisi si watu wa hapa Awendo. Nimekusimulia mara nyingi kuhusu kilima chetu upande wa Homa Bay, jinsi ziwa lilivyong'aa chini yetu kama bati jipya, jinsi tulivyojua kila njia ya mbuzi. Sijakusimulia jinsi tulivyoondoka. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Walikuja wanaume wanne wenye kopo la rangi nyeupe na brashi. Walikuwa watu wapole. Mmoja alinipa peremende. Walipita mti hadi mti wakiandika namba kwenye magome, na sisi watoto tukawafuata tukizisoma kwa sauti, maana ndio kwanza tulikuwa tumeanza shule na tulifurahi kuona hesabu imetoka darasani ikaja msituni. Baba yangu aliwapa uji. Hakuna aliyetuambia namba zile ni za nini. Mvua moja baadaye tuliambiwa kwamba miti yenye namba ni ya serikali, na kwamba nyumba yetu, ambayo haikuwa na namba, imejengwa katikati ya miti yenye namba.

Babu yako aling'oa mlango wa nyumba, wa mbao za siala alizozichonga mwenyewe, akaubeba mgongoni siku tatu mpaka huku. Vitu vingine tuliviacha.

Aliyetupokea ni Mzee Oloo, baba yake Okelo. Hatukuwa ukoo mmoja. Kwa hiyo tangu siku ile tuliitwa jodak, watu wanaokaa kwenye ardhi ya wengine. Mzee Oloo alikuwa mkarimu kuliko alivyolazimika kuwa. Alimwonyesha babu yako kipande kando ya kijito, akamwambia, "Jenga. Lima. Panda mahindi, panda mtama, panda chochote kinachoisha na msimu. Lakini mti usipande." Huo ndio ulikuwa utaratibu, na mpaka leo kuna nyumba unazozijua zinazouishi. Mtu akipanda mti amesema hatarudi alikotoka. Wajukuu wake watauonyesha ule mti na kudai shamba.

Babu yako alilitii neno lile maisha yake yote. Mkono wake haukuwahi kushindilia udongo kuzunguka mche, hata wa mpapai. Lakini pale kijitoni palikuwa na kichaka ambacho hakikupandwa na mtu. Wewe ulikiona ukiwa mdogo, kwa hiyo sihitaji kukieleza sana: mikuyu iliyoinamia maji, ule mti wa ober ambao wanawake walichemsha magome yake, miiba ya ochuoga yenye vitunda vyeusi, na mvule mmoja ambao watu wazima wawili wakiukumbatia hawashikani mikono. Chini yake mafunjo, na ndani ya mafunjo korongo wenye taji, wale tunaowaita owang'. Jioni, kazi ikiisha, babu yako alikuwa akienda kusimama pale. Hakuwa akifanya chochote. Nilimuuliza siku moja kama kile kichaka nacho hatukatazwi. Akasema, "Hiki hatukukipanda. Nani atatukataza?"

Kabla ya kufa, Mzee Oloo aliwaita wazee na chifu, akasema kipande kile ni chetu. Hati ikatoka kwa jina langu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili na jiografia, niliyewafundisha watoto wa watu maana ya neno hati, niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, na sikuiamini hata siku moja. Baadhi ya ndugu zake Okelo waliendelea kuniita jadak sokoni, wengine kwa utani na wengine bila utani, nami nilikuwa nikicheka nao.

Ulikuwa na miaka tisa walipokuja wale vijana wa chuo. Utawakumbuka, uliwashikia mwisho mmoja wa utepe wa kupimia na hukutaka kuuachia hata kula. Waliniomba ruhusa ya kuhesabu miti na ndege wa kijitoni. Nilikubali, kwa sababu mwalimu hawezi kuwakatalia wanafunzi, na mama yako akawapikia chai. Walifanya kazi siku nzima. Walipoondoka nilishuka kuangalia. Kila mti mkubwa ulikuwa umegongomewa kibati kidogo chenye namba.

Sitakudanganya kwamba nilifikiri. Nilisimama mbele ya ule mvule nikawa tena mtoto wa miaka minane mwenye peremende mdomoni. Msichana aliyewaongoza alikuwa ameniambia, kwa furaha kabisa, "Mzee, uko na hazina hapa. Hii sehemu inafaa kulindwa." Kila mtu mwingine angesikia sifa. Mimi nilisikia kwamba mwaka ujao nitakuwa njiani na mlango mgongoni.

Walisema watarudi baada ya wiki mbili. Mama yako alikuwa anakwenda kwao Kehancha kwa siku tatu akakuchukua. Mlipoondoka tu nilichukua shoka na panga nikashuka. Nilikata kila kitu nilichoweza kukata. Mikuyu iliniletea shida, mti wa ober ulianguka siku ya kwanza. Mvule ulinishinda, kwa hiyo niliubambua gome kuuzunguka wote, kiunoni, ili ufe wenyewe polepole. Vibati nilivikusanya nikavitumbukiza chooni. Siku ya tatu Okelo alikuwa anachoma majani ya miwa upande wake, kama kila mtu anavyofanya baada ya mavuno. Nilisubiri moshi wake upande juu, nami nikawasha wangu.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimekuwa nikijiambia kwamba niliilinda nyumba. Fikiria, Awuor: niliuangamiza msitu ili nisifukuzwe kwa sababu ya msitu. Mtu ambaye hajawahi kuhamishwa asingelifanya kosa lile. Angesikia neno "hazina" akavimba kichwa, akawaonyesha wageni mpaka viota.

Mlirudi alasiri. Jioni ile korongo walikuja kulala kama kawaida yao, wakakuta hakuna mti. Walizunguka juu ya majivu, wakashuka kidogo, wakapanda, wakazunguka tena. Ulikuwa umenishika mkono. Uliniuliza, "Baba, nani amechoma?" Nilikuwa na nafasi ya kukujibu ukweli. Nikasema, "Moto umetoka kwa Okelo."

Ulikimbia mpaka ukingoni ukamwita kwa jina, mtoto wa miaka tisa, ukamwambia yeye ni mtu mbaya. Okelo alikuwa amesimama na jembe upande wa pili. Hatua nne tu kati yenu. Alikutazama wewe, akatazama visiki, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Moto hauachi visiki vya namna ile, na kila mkulima anajua hivyo. Alibeba jembe lake akaondoka.

Mama yako naye aliviona. Alishuka kuchota maji, akapanda, akaweka ndoo chini, akaniuliza, "Hii moto ya Okelo iko na panga?" Kisha akaenda kupika. Hakuligusa jambo hilo tena mpaka juzi.

Vijana wa chuo walirudi, wakaona, wakasikitika nami, wakaandika kitu kwenye daftari lao. Yule msichana alinishika mkono akasema pole. Sijui waliandika nini. Hawakurudi tena, wala hakuna aliyekuja kunihamisha, si mwaka ule wala mwingine wowote. Nilipanda miwa pale palipokuwa kichaka, ikatoka myembamba na ya njano. Ukingo ulianza kumeguka. Kisima cha mama yako kikawa kinatoa maji mekundu kila mvua ikinyesha, na kila ndoo ya maji yale alikuwa akiiweka mahali ninapoiona.

Sasa nataka kukuambia kuhusu wewe, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayopenda kuikumbuka.

Ulikuwa darasa la saba ulipokuja kuniambia kwamba mbuzi wangu hawana ruhusa tena kushuka kijitoni. Ulisema hivyo hivyo: hawana ruhusa. Ulikuwa umeshajenga ua wa miiba peke yako, kwa mikono iliyochanika, na ulikuwa umegundua jambo ambalo mimi, mwenye shoka, sikuwa nimeliangalia. Visiki vilikuwa vinachipua. Na mvule nilioubambua, ambao ulikuwa umesimama mkavu, ulikuwa umetoa machipukizi kutoka kwenye mizizi, mbali na shina, kana kwamba umehama. Niling'oa miwa yangu safu kwa safu kukupisha. Ulifikiri nimeshawishika na hoja zako. Hoja zilikuwa nzuri, lakini ningekupa hata nyumba.

Ulileta miche kwenye pakiti za maziwa. Ulianza lile daftari la ndege, majina kwa Kijaluo upande mmoja na kwa Kikuria cha mama yako upande wa pili, na nafasi ukaacha ya Kiswahili ili nikujazie. Ndege wengi nilikuwa siwajui kwa lugha yoyote. Nilianza kukaa pale jioni na kitabu, nikijidai ninasoma. Miaka miwili iliyopita, kwenye mvua za masika, nilisikia sauti ya owang' ndani ya mafunjo. Nilikupigia simu chuoni. Ukauliza, "Baba, mbona unanong'ona?" Nikasema, "Kwa sababu wako hapa. Wawili, na vifaranga viwili." Ukaanza kulia, na mimi nikajidai mtandao ni mbaya.

Na mkutano ule wa ukumbi wa kanisa, ulipoileta fomu mara ya kwanza. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote na sikuwahi kusimama vizuri kama ulivyosimama wewe. Mama Apiyo alikuanza mapema:

"Awuor, hao ndege wako watakuja kunipalilia mtama ama watakuja kuila tu?"

"Wataila kidogo, Mama. Lakini wanakula pia panzi wanaoimaliza."

"Kidogo ni ngapi? Wewe utakuja kufukuza?"

"Nitakuja. Ukinipikia."

Watu wakacheka. Kisha yule kijana mwenye trekta akasema kinachosemwa na kila mtu barabarani: leo ni fomu, kesho ni bikoni za mipaka, kesho kutwa tunaambiwa tusikanyage. "Na wewe ukishavaa hizo nguo za kijani, si ndiwe utakuja kutukamata na kuni kichwani?" Nilitazama chini. Wewe hukukasirika, wala hukumwita mjinga. Ulimuuliza, "Nani hapa aliwahi kuambiwa asikanyage? Aniambie kwanza ilikuwaje." Wakaanza kusimulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka chai ikapoa. Nilisikia hadithi za watu niliokaa nao miaka hamsini na sikuwa nimewahi kuzisikia. Uliandika kila moja. Halafu ukaisoma fomu mstari kwa mstari, na pale palipoandikwa "eneo litakuwa chini ya chama" ukapafuta na kuandika upya kwamba ardhi ibaki ya mwenye shamba. Wakaja kuweka sahihi. Wale wanaume wanne wenye kopo la rangi wangefanya hivyo, mimi ningezeekea kwenye kilima changu, na huenda msitu ungelindwa vizuri zaidi na baba yangu kuliko na namba.

Nikisema hivyo ni lazima niseme na hili, ili usifikiri nimebaki na uchungu mtupu. Kila nikipita barabara ya Homa Bay nakitafuta kilima chetu kwa macho. Kichwani bado kina msitu. Vilima vingine jirani viko uchi. Ninafurahi kuuona, halafu ninaona haya kwa kufurahi, kisha ninafurahi tena. Umeniambia kwamba kutoka kituo chako kipya kilima kile kinaonekana. Siku ukipanda kule, hutahitaji kumwomba mtu msamaha kwa niaba yangu wala kwa niaba ya nguo utakazovaa. Angalia tu kama karibu na kilele kuna mawe matatu ya jiko yamekaa kwa umbo la jiko. Kama hayapo, si kitu.

Katika mkutano ule Okelo alisimama mwisho. Alisema, "Mimi sina neno. Wa kuulizwa ni Japuonj, mwalimu wetu huyu," akanionyesha kwa kidevu, akaketi. Watu walidhani ni mzaha wa majirani. Tukiwa njiani kurudi ulikuwa umekasirika. "Alichoma kichaka, sasa anajificha nyuma yako," ulisema. Nilikuwa nimebeba viti vya kanisa viwili, nikasema vinaniumiza mabega.

Si mara hiyo tu. Uliporudi kutoka kwenye usaili ulinieleza swali walilokuuliza, kwa nini unataka kazi hii, na jibu lako: kwamba jirani alichoma kichaka ulipokuwa mtoto, na kwamba ulitaka kuwazuia watu kama yeye. Walilipenda, ulisema. Nilikukumbatia. Nilikuwa na fahari kuliko baba yeyote wa Migori, na huku nikijua kwamba umeijenga kazi ya maisha yako juu ya uongo wangu. Ungekwenda huko na kumtafuta Okelo katika kila kijiji. Ungemwona katika kila mkulima anayekudanganya kuhusu mti aliokata, na usingejua kwamba mtu huyo anaweza kuwa ni mimi, kwamba amekata kwa sababu alikuona ukija.

Juzi ulipolala, mama yako aliniuliza kama nitamwacha mtoto aende hivyo.

Kwa hiyo leo asubuhi, mlipokwenda sokoni, nilivuka kijito. Okelo alikuwa mbele ya nyumba ananoa jembe kwa tupa.

"Japuonj. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kwako."

"Naona. Kaa basi. Sio hiyo, hiyo kiti imevunjika mguu, itakuaibisha. Chukua hii."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga maneno, nimefundisha insha miaka thelathini na minne, lakini yalitoka bila mpango. "Okelo, kile kichaka nilikikata mimi."

"Najua." Tupa iliendelea.

"Na moto niliwasha mimi."

"Moto pia najua. Yangu ilizima saa nne. Mimi mwenyewe nilimwagia maji."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii?"

Hapo aliacha kunoa. "Niseme kwa nani? Kwa ndugu zangu? Hao walikuwa wanatafuta neno moja tu, omera. Wakisikia jadak amechoma kijito ya Oloo, halafu amesingizia mtoto ya Oloo, wangekurudisha kwenu na ule mlango wa baba yako mgongoni."

"Nilikuwa na hati."

"Hati!" Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mwenyewe hukuiamini, wao ndio waiamini?"

Nikamwomba msamaha, kwa maneno ya kawaida kabisa. Akalipima jembe kwa kidole gumba.

"Wewe hukuniumiza sana," akasema. "Wewe nilikuwa nakuelewa. Baba yangu alisema wale watu wameogopeshwa, usiwasukume. Lakini huyo msichana wako. Miaka kumi na nne ananipita kama nguzo ya stima. Nikimwona na miche yake nasema, huyu mtoto ana akili. Mara mbili nimezuia ng'ombe za ndugu yangu zisiingie kwa hiyo msitu yake. Hajui. Na hata hanisalimii."

Nyara, nilisikia maneno yale nikiwa nimekaa juu ya kiti chake kizima.

Nikamuuliza kama atatia sahihi. Akasema atatia, kichaka anakitaka kuliko mimi, lakini si leo na si kwa mkono wangu. "Nikiweka leo, atasema huyo mzee ametubu. Mimi sina kitu ya kutubu. Mwandikie, si nyinyi walimu ndio kazi yenu? Asome. Akisoma, akija hapa mwenyewe na hiyo karatasi, naweka. Asipokuja, ana haki ya kukasirika. Hata mimi niko na yangu."

Nadhani ana haki zaidi yangu na yako.

Kwa hiyo fomu imo ndani ya bahasha hii. Nimeweka sahihi yangu saa sita mchana, juu ya meza ya jikoni, mama yako akiishikilia karatasi isipeperuke. Utaona jina langu limekwenda upande. Hofu haikuisha, usifikiri imeisha. Niliandika nayo ikiwepo. Nilikumbuka tu kwamba safari hii anayekuja na karatasi na namba ni mtu niliyemlea, na kwamba amewasomea watu kila mstari kabla ya kuwapa kalamu. Mstari wa Okelo uko wazi.

Ninajua ninachokuomba. Ninakupa sababu ya kunikasirikia jioni ya mwisho kabla ya safari, na ninakuomba uipeleke fomu kwa mtu uliyemchukia bure. Unaweza kukataa. Unaweza kwenda Homa Bay bila kuniaga, na mimi sitamweleza mtu yeyote uongo mwingine kuhusu sababu. Ila usiiache kazi kwa sababu yangu. Ulidhani uliianza kwa ajili ya kosa la Okelo, lakini ua wa miiba ulikuwa wako, na vifaranga, na ule mkutano. Sikukudanganya kuhusu chochote kati ya hivyo, kwa sababu hakuna hata kimoja nilichokufundisha mimi.

Nitakupa bahasha baada ya chakula, nitatoka nje, usome peke yako.

Okelo anapalilia shamba la juu kesho, anaondoka nyumbani kabla ya saa moja. Ukiamua kwenda, shuka mapema. Sitafuatana nawe, maana huko ni kati yako na yeye. Nitakuwa nimesimama upande wetu wa kijito, mahali ambapo nyote wawili mnaweza kuniona.

Baba yako